Goti la Mama Berthe

Kabla ya Berthe sikuwa nimewahi kutengeneza kitu cha kuingia ndani ya mtu. Kazi yangu ni kukereza vyuma. Karakana yangu iko Makiso, mjini Kisangani, nyuma kidogo ya bandari, na wateja wangu ni wenye mashua, wenye vinu vya kusagia mihogo na, siku zikiwa mbaya, waendesha toleka, zile baiskeli za abiria, waliovunja ekseli. Miaka thelathini na moja nimesimama mbele ya chuma kinachozunguka, nikijua kwa sikio tu kama kinakatika vizuri au la. Hakuna mteja aliyewahi kurudi kuniambia kwamba nilichomtengenezea kinamwasha.

Aliyeniingiza katika mambo ya magoti ni Falonne, binti wa marehemu rafiki yangu aliyenifundisha kazi. Alikwenda ng'ambo kusomea uhandisi wa vifaa vya hospitali, akarudi Kisangani kufundisha. Asubuhi moja aliingia karakanani bila hata kukaa, akaweka juu ya meza yangu kitu kilichofungwa kwenye taulo.

"Tonton Hubert, angalia hii."

Nilifungua. Ilikuwa bawaba ya chuma kinachong'aa, yenye fimbo ndefu upande wa juu na nyingine fupi upande wa chini.

"Iko ya motere gani?" nikauliza.

"Ya mutu," akasema. "Iko goti."

Akanieleza. Saratani ya mfupa hupenda sana kukaa karibu na goti. Daktari akiondoa kipande cha mfupa chenye ugonjwa, na goti lenyewe linaondoka, panabaki pengo la kutosha kuingiza mkono. Kwenye nchi za wenye uwezo wanaziba pengo hilo kwa goti la chuma na mgonjwa anaenda nyumbani kwa miguu yake. Kwetu goti kama hilo lingetoka Ulaya, na kwa bei yake mtu angejenga nyumba ya matofali na kuipaka rangi. Kwa hiyo hapa mgonjwa anakatwa mguu. Daktari Nephtali, mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi na Falonne, alikuwa amechoka kukata miguu ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, kuanzia goti kwenda chini haikuwa na kosa lolote. Basi wawili hao walichora goti rahisi zaidi: vipande vichache, saizi chache, na umbo ambalo fundi mzuri anaweza kulikereza hapa hapa. Walichokosa ni fundi.

Nilikubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, baba yake Falonne ndiye aliyenionyesha jinsi ya kunoa kisu cha mashine. Ya pili, nisifiche, ile bawaba ilikuwa imetengenezwa vibaya na iliniudhi kuitazama.

Tulifanya kazi miaka miwili. Tulianza na goti la mti, tukaja la chuma cha kawaida, mwisho la chuma cha hospitali kile kisichoshika kutu, ambacho Falonne alikiagiza na kikaja na vyeti vyake kama mtoto wa shule. Kila kipande kilipimwa mara tatu: nilipima mimi, akapima Falonne, kisha ikapima mashine ya chuo chao, ambayo haimheshimu mtu. Na kamati ya madaktari iliyosimamia utafiti wao iliweka sharti moja lisilo na mjadala. Hakuna mgonjwa atakayepewa goti hilo mpaka litembee hatua milioni mbili juu ya mashine, likiwa limebeba uzito, bila kuharibika.

Ndipo tukaunda mashine ya kutembea. Tulichukua mota ya kinu cha mihogo, tukaifunga mkono wa chuma unaokunja goti na kulinyoosha, na juu yake tukatundika mifuko ya mchanga. Pembeni kulikuwa na kihesabio kidogo chenye tarakimu nyekundu. Ilikuwa inatembea siku nzima bila kwenda popote. Majirani waliizoea haraka. Mama anayeuza makayabu, samaki wa chumvi, ng'ambo ya barabara alikuwa akipita asubuhi na kuuliza, "Bon, safari yenu iko wapi leo?"

Hapo ndipo alipokuja Berthe. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa pili. Aliletwa kwa toleka, mguu wa kulia ameunyoosha mbele kama mlingoti, mumewe Arsène akitembea kando na kushika kiti cha baiskeli kwa nyuma. Berthe ni mshonaji. Ana cherehani yake sokoni, safu ya washonaji, na wanaharusi wengi wa mji huu wamepita mikononi mwake. Ana miaka thelathini na minne na watoto watatu. Mwaka mzima goti lilikuwa likimuuma na yeye akalaumu pedali. Lilipoanza kuvimba kwa nyuma, daktari Nephtali alilipiga picha, akatoa kipande kidogo cha uvimbe, akakipeleka Kinshasa kuchunguzwa. Jibu lilirudi: saratani ya mfupa.

Kwa bahati ilikuwa ya aina inayokua polepole. Haikuhitaji zile dawa kali za kumpukutisha mtu nywele. Ilihitaji kuondolewa yote, na isisubiriwe sana. Daktari alimwambia wazi: kukata mguu ni njia ya hakika na tunaweza kufanya wiki ijayo. Goti hili ni jipya, wewe utakuwa wa kwanza, na bado halijamaliza majaribio yake. Nakupa miezi minne ya kufikiri, na kila mwezi nitaupiga picha uvimbe. Amua mwenyewe.

Berthe alimjibu kwamba yeye hanunui kitambaa kabla ya kukishika. Kwa hiyo akaja kukishika.

"Nani njo fundi ya goti hapa?" aliuliza kutoka mlangoni.

"Miye," nikasema. "Na huyu iko Falonne, ingénieur. Yeye anachora, miye nakata."

Aliitazama mashine ikipiga hatua zake. Aliitazama muda mrefu, na sisi tukasimama kama watu walio mbele ya mtahini.

"Imetembea ngapi?"

"Hatua elfu mia na themanini," Falonne akasema.

"Kama ingekuwa barabarani, ingekuwa wapi?"

Nilipiga hesabu. "Inakaribia Bafwasende."

Akatikisa kichwa, si kwa kukataa. Akaomba kushika goti la mfano lililokuwa mezani. Akalikunja, likafika mahali likagoma.

"Mbona inaishia hapa?"

"Digrii tisini," Falonne akasema. "Inatosha kukaa kwa kiti na kutembea. Vitabu vinasema hivyo."

"Vitabu," akasema Berthe. "Kitabu inakaaka kwa kiti ya chini kuparua samaki? Kitabu inaendaka choo? Mama, miye nikishona robe, napima mutu mwenye ataivaa. We ulipima nani?"

Falonne akacheka, akachukua daftari. "Haujakosea," akasema. "Nipe wiki moja. Nikufuate."

Wiki hiyo iliongelewa sana sokoni. Falonne alimfunga Berthe kifaa cha kupima pembe kwenye goti lake zima, la kushoto, akamfuata kila mahali kama mkwe mpya. Alikaa naye kwenye cherehani. Alikaa naye jikoni kwenye kigoda. Alimngoja nje ya choo na daftari mkononi, na jirani mmoja akauliza kama siku hizi serikali inahesabu na hilo. Jumapili alimfuata kanisani, na kila waumini walipopiga magoti Falonne aliinama kusoma namba.

Shida ilikuja kwenye uzito, maana mifuko ya mchanga ilipaswa kulingana na mgonjwa.

"Kilo sitini," Berthe alisema.

Falonne akaleta mizani. Mizani ikasema sabini na tisa.

"Iko mbovu," Berthe akasema.

Falonne akapanda yeye, nami nikapanda. Mizani haikuwa mbovu. Berthe alimgeukia mumewe. "Arsène, haukusikia kitu." Arsène akasema hakusikia kitu. Tukaongeza mchanga.

Mwisho wa wiki tulijua tunachohitaji. Pedali ya cherehani haidai kukunja sana. Kigoda na choo vinadai zaidi, kama digrii mia na kumi. Kupiga magoti kanisani kunadai zaidi ya hapo, na daktari Nephtali alisema hapana, goti la chuma halipigiwi magoti, saruji inayolishika kwenye mfupa itapasuka.

"Sawa," Berthe akasema. "Mungu atanielewa nikisimama. Choo haiwezi kunielewa."

Falonne alichora upya sehemu ya nyuma, akaipunguza ili goti likunjike hadi mia na kumi. Nilikereza kipande kipya wiki mbili nzima. Mwisho wa mwezi wa tatu tulikifunga kwenye mashine, kihesabio tukakirudisha sifuri, tukaanza upya.

Siku kumi za kwanza zilikuwa tamu. Hatua elfu mia tatu, elfu mia tano. Mama wa makayabu aliambiwa kwamba tumepita Bafwasende zamani na sasa tunaelekea Bunia. Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, nilikuwa nimekaa kwenye sanduku nikila lituma, ndizi zilizopondwa, sikio langu likasikia kitu kabla akili haijakielewa. Mlio ulikuwa umebadilika. Tak, ukimya, tak. Kabla sijafika kwenye swichi, pini ya katikati ya bawaba ilichomoka kwa upande, ikaanguka sakafuni, goti likakunjika mahali ambapo goti halikunjiki.

Tarakimu nyekundu zilisoma 641,207.

Falonne alikuja, akaokota pini, akaiweka karibu na jicho. Kipete kidogo cha chuma kilichokuwa kikiizuia isitoke kilikuwa kimekatika vipande viwili. Alikaa kwenye sanduku langu, vile vipande kwenye kiganja. Kama goti lile lingekuwa ndani ya Berthe, angekuwa amelala barabarani.

Bahati yetu, au ubaya wetu, Arsène alipita mchana huohuo. Ni karani wa ofisi, mtu wa shati lililopigwa pasi na sauti ndogo, na tangu mwanzo hakuwa amesema zaidi ya maneno ishirini mbele yetu. Aliikuta mashine imesimama. Akatazama goti lililokunjika vibaya, akavua kofia.

"Papa Hubert," akasema, "minaomba kitu moja tu. Mumwambie Berthe akubali bakate. Miye nataka bibi yangu. Mguu tutafanya bila yeye."

"Nitamwambia imevunjika," nikasema. "Hilo siwezi kumficha. Mengine iko ya kwake."

Nilikwenda sokoni mwenyewe. Berthe alikuwa akishona kwa mguu wa kushoto, wa kulia ameupumzisha juu ya ndoo iliyofunikwa kitambaa. Nilimweleza yote, wapi na namna gani. Aliendelea kushona mpaka mwisho wa mstari, akakata uzi kwa meno, kisha akaniangalia.

"Hiyo pini ilikuwa inakamatwa na nini?"

"Kipete. Kidogo, kama cha ufunguo. Kila hatua inasukuma pini kidogo kwa upande. Mwisho kipete kimechoka."

"Hii mashine iko ya nyanya yangu," akasema, akigusa meza ya cherehani. "Pedali yake inaenda, inarudi, inaenda, inarudi, tangu mama yangu iko mutoto. Haijatoka hata siku moja. Yeye inakamatwa na nini?"

Mimi nimekereza vyuma miaka thelathini na moja, na sikuwa nimewahi kutazama chini ya cherehani. Nilivua koti, nikalala chali katikati ya vipande vya vitenge, nikaingiza kichwa chini ya meza. Washonaji wote wa safu ile waliacha kazi. Mmoja akauliza kwa sauti huyu papa anatafuta nini huko chini ya mama Berthe, na kicheko kikaenda mpaka kwa wauza viatu.

Nilichoona kilinifanya nisisikie kicheko. Pedali ile haikuwa na pini inayopita katikati. Ilishikwa na skrubu mbili, moja kila upande, na kila skrubu ilikuwa na ncha ya koni iliyoingia kwenye kishimo cha koni. Pedali ikisukumwa kulia, koni ya kulia inaikaza. Ikisukumwa kushoto, koni ya kushoto inaikaza. Hakukuwa na kitu cha kuchomoka.

Nilimpigia Falonne simu nikiwa bado nimelala. Alifika kwa pikipiki, akaangalia uso wa Berthe, akaangalia miguu yangu inayochungulia chini ya meza, naye akalala chali upande wa pili. Washonaji hawakuwa na nguvu tena za kucheka.

"Koni mbili," akasema Falonne.

"Koni mbili," nikasema.

"Tonton, tulikuwa wajinga."

"Tulikuwa tunasoma vitabu," nikamwambia.

Siku tatu hakuonekana. Ya nne alileta mchoro: pini iliyogawanyika nusu mbili, kila nusu na koni yake, zikivutana kwa skrubu moja ya ndani iliyofungwa isilegee. Msukumo wa pembeni ulioichomoa pini ya kwanza sasa ungeibana zaidi. Nilipoutazama mchoro huo sikuwa na hamu ya kurekebisha chochote, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

Nilipokuwa nikikereza koni hizo, Berthe na Arsène walikuja pamoja. Walikuwa wamebishana njiani, ilionekana kwa jinsi kila mmoja alivyoangalia upande wake. Berthe alikaa na kumwambia mumewe mbele yetu, bila kupandisha sauti.

"Arsène, daktari alinipa miezi mine. Imebaki mbili na nusu. Mwisho wa mwezi wa sita, kama hii chuma haijamaliza kutembea, bakate. Sitalia, sitakulaumu, sitamulaumu mutu. Lakini iache imalize safari yake kwanza."

"Na kama ugonjwa inakimbia kuishinda?"

"Kuna picha kila mwezi. Nephtali akisema leo, iko leo."

Arsène alifikiri. Alikuwa na njia ya kufikiri kwa kukunja na kukunjua kofia. "Hiyo mashine," akaniuliza mwishoni, "umeme ikikatika, inasimama?"

"Inasimama. Niwashe jenereta."

"Nani anakuwa hapa saa ya jioni, ukienda bandarini?"

"Hakuna mutu."

"Nitakuwa," akasema.

Koni zilipokamilika tulianza tena kutoka sifuri, na kweli alikuwa hapo. Kila siku alipotoka ofisini alikuja na shati lake la pasi, akakunja mikono mara mbili, akakaa mbele ya kihesabio. Umeme ukikatika, alikuwa amevuta kamba ya jenereta kabla mimi sijainua kichwa. Alijifunza kupaka mota mafuta. Alijifunza mlio. Baada ya wiki mbili aliniambia kwamba beringi ya mota inaanza kulia, na nilipoifungua nikakuta yuko sahihi. Hatukuwa na mengi ya kuongea, lakini ukikaa na mtu mbele ya goti linalotembea, unamfahamu.

Picha ya mwezi wa nne ilionyesha uvimbe haujasogea. Ya mwezi wa tano ilionyesha umeongezeka milimita kadhaa. Daktari Nephtali hakutaka kubahatisha. Alipanga operesheni tarehe kumi na nane ya mwezi wa sita, goti likiwa tayari au lisiwe tayari. Arsène alipiga hesabu kwenye kiganja chake: hatua zilizobaki, saa za umeme, saa za mafuta. Ingefika, kama hakuna kitakachoharibika.

Hakuna kilichoharibika. Tarehe kumi na nne, Jumapili baada ya misa, tulisimama watu wanane karakanani, pamoja na mama wa makayabu aliyekuja na kiti chake. Namba zilipita milioni moja laki tisa na tisini na tisa elfu, zikaenda polepole kama zinazotutania, zikageuka mbili na sifuri sita. Falonne alizima swichi, na ukimya ulikuwa mkubwa kwa sababu masikio yetu yalikuwa yameshazoea mwendo. Alifungua bawaba, akapima bushi ya plastiki iliyo ndani. Ilikuwa imelika unene wa unywele. Alipima koni. Akapima tena. Kisha akanipa kipimio nipime mimi.

Goti la kuingia ndani ya Berthe lilikuwa jingine, pacha wa lile, ambalo nililimaliza wiki hiyohiyo na kulikabidhi likiwa safi hata mimi nikaogopa kulishika. Kamati ilikagua karatasi zote na kuweka sahihi siku ya Jumanne. Alhamisi likapikwa kwa mvuke wa hospitali kuua vijidudu, pamoja na bisibisi yake ndogo niliyoichonga mwenyewe, na Berthe akaingia chumba cha upasuaji saa mbili asubuhi. Kabla ya kuingia alimwambia Falonne, aliyekuwa aingie kumsaidia daktari kulifunga goti, "Pindo iwe sawa, mama. Usiniache mguu moja murefu."

Tulikaa nje kwenye benchi, mimi na Arsène, saa sita. Kwa saa sita hizo aliniuliza kuhusu mashine ya kukereza: kisu kinanolewa vipi, chuma kigumu kinajulikanaje, mafuta yale meupe ni ya nini. Nilimjibu yote kirefu. Nadhani hakusikia hata jibu moja, wala mimi sikumbuki nilijibu nini. Saa nane mchana daktari Nephtali alitoka na kofia yake ya kijani imelowa jasho.

"Imeingia," akasema. "Imekunjika, imenyooka. Vidole vyake viko na joto. Uvimbe umetoka mzima."

Arsène aliketi tena, ingawa alikuwa amesimama ili asikie. Mimi nilikwenda nyuma ya jengo, upande wa mapipa ya maji, nikasimama huko mpaka nilipoona naweza kurudi kuongea na watu.

Wiki tatu baadaye maabara ilithibitisha kwamba kingo za mfupa uliokatwa zilikuwa safi. Kazi ngumu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Misuli ilisahau kazi yake. Berthe alitembea kwa magongo mawili, akaja kwenye moja, na kila asubuhi mama wa mazoezi alimkunja goti huku Berthe akimweleza kwa upole mambo ambayo siwezi kuyaandika. Digrii sitini. Themanini. Mwezi wa tisa alifika mia na tano, akagoma kwenda mbele zaidi, na daktari akasema inatosha. Mwezi wa kumi alirudi kwenye cherehani. Anatembea kwa kuyumba kidogo, kama mtu anayefikiria jambo. Hakimbii, habebi gunia, na misa anaisikiliza akiwa ameketi. Choo, aliniambia bila kuulizwa, kimemwelewa.

Nilitaka tufanye sherehe. Daktari Nephtali akanikanya. Mgonjwa mmoja ni mgonjwa mmoja, alisema. Saratani inangojwa miaka mitano kabla ya kusema imeshindwa, na goti linangojwa hata zaidi. Lakini siku alipokuwa akinikanya alikuwa ameleta picha za mtu wa pili, mama Chantal, mkulima kutoka Yahuma, mwembamba, mfupa wake mdogo kuliko saizi yetu ndogo. Falonne alikuwa amekwisha kumfuata hadi shambani kupima jinsi anavyoinama kwenye mihogo. Ilibidi nikereze upya kuanzia fimbo.

Nilikuwa kwenye kazi hiyo, mwezi wa kumi na mbili, simu yangu ilipolia. Ilikuwa sauti ya Berthe kwenye WhatsApp, nyuma yake injini ya mashua na watu wanaongea Kilingala. Mdogo wake alikuwa anaolewa Yangambi, na nguo ya bibi harusi alikuwa ameishona yeye.

"Papa Hubert, niko ndani ya bateau. Nimepanda peke yangu, ile ubao ya kupandia, unaijua vile inachezaka. Arsène alikuwa nyuma na mikono wazi kama golkipa, nikamwambia aende akabebe valizi. Bon. Sasa kuna shida. Nilimwambia mama moja kama niko na goti ya chuma, sasa bateau yote inataka kuigusa. Nimesema bapange mustari. Hakuna mubaya?"

Niliisikiliza mara mbili. Kisha nikafuta mafuta mikononi na kumjibu kwamba hakuna ubaya, waguse tu, ila wasiligonge.